Pigo la mwisho katika catch: sababu gani mpiganaji analibadilisha?

Katika majimbo ya mashariki kuna vijana wengi wenye kujua majina ya Undertaker na Stone Cold vizuri kuliko majina ya mawaziri wa serikali. Kwenye vyumba vya video, kwenye simu na kwenye televizio ya nyumbani, kitu wanachongojea ni kimoja tu: pigo la mwisho, ile prise ya kumaliza mchezo. Lakini mtu mwenye kutazama filme za zamani na za hivi karibuni za mpiganaji mmoja anaona kwamba pigo lile halibakie vile vile. Linabadilika, linaachwa, pengine linarudi kisha miaka mingi. Nyuma ya mabadiliko hayo kuna biashara, kuna hadithi, na zaidi ya yote kuna shingo, magoti na mgongo wa watu. Njo maana jambo hili linawagusa pia wazazi wa watoto wenye kuiga mapigo hayo kwenye kiwanja.

Pigo la mwisho ni kitu gani?

Mieleka ya kulipwa, ile ambayo wengi wanaita catch, si sawa na mieleka ya Michezo ya Olimpiki. Katika catch mshindi anajulikana mbele ya mchezo kuanza. Wapiganaji wawili wanasaidiana kusudi watazamaji waone vita, na kila mmoja arudi nyumbani akiwa muzima.

Hapo watu wengi wanasema: « Basi ni uongo tu. » Jibu ni kwamba mapatano ni ya kweli, lakini kuanguka pia ni kwa kweli. Chini ya ringi kuna vyuma, juu yake mbao, juu ya mbao godoro nyembamba na turubai. Mtu wa kilo 120 akianguka pale kila siku ya kazi, mwaka kwa mwaka, mwili wake unaandika yote.

Pigo la mwisho njo lile ambalo mpiganaji analiweka kwa ajili ya kumaliza. Akilipiga, anamlalia mwenzake, mwamuzi anahesabu moja, mbili, tatu, mchezo umekwisha. Kusudi pigo lifanye kazi yake, linaombwa mambo ine. La kwanza, watu waamini kwamba kweli linaweza kumaliza mtu. La pili, mpiganaji aweze kulipiga kwa kila mpinzani, mwembamba ao munene. La tatu, lilingane na mtu mwenyewe na hadithi yake, hata mtu wa nyuma kabisa kwenye uwanja alitambue. La ine, lisimvunje mpinzani wala yule mwenye kulipiga.

Jambo moja kati ya hayo ine likipotea, pigo linabadilishwa. Ukitazama kazi ya wapiganaji wakubwa, karibu kila badiliko linaingia katika moja ya milango hiyo.

Stone Cold: kutafuta pigo linalofanana na mtu

Steve Austin alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alifanya kazi katika kampuni ya WCW. Wakati ule alikuwa na nywele ndefu za rangi ya dhahabu, na pigo lake lilikuwa la kumnyanyua mpinzani na kumwangusha koo juu ya kamba ya ringi. Lilikuwa pigo zuri, lakini hakuna mtu aliyelipa pesa kwa ajili ya kuliona.

Mwanzoni mwa mwaka 1996 aliingia WWF, kampuni ambayo leo inaitwa WWE. Walimpa jina la Ringmaster, na pamoja na jina wakampa pigo la mtu mwingine: kumkaba mpinzani shingo kwa mikono kutoka nyuma, ginsi Ted DiBiase, tajiri wa hadithi za catch, alivyofanya mbele yake. Pigo lile lilimkalia Austin sawa na koti la kuazima. Kukaba ni kazi ya polepole, na yeye alikuwa mtu wa hasira na wa maneno makali.

Katika mwaka ule ule alinyoa kichwa, akachukua jina la Stone Cold, na akapata pigo jipya: Stunner. Anampiga mpinzani teke la tumbo, mwenzake anainama, Austin anageuka, anakamata kichwa chake na kukiweka juu ya bega, kisha anajiangusha kwa matako. Kidevu cha mpinzani kinagonga bega, na yule anaruka nyuma. Yote hayo ni segonde mbili tu. Linatoka bila onyo, linafaa kwa mtu yeyote, na linafanana kabisa na tabia ya mwenyewe. Mwezi wa 6 mwaka 1996 alishinda mashindano ya King of the Ring, na toka pale hakulitafuta pigo lingine.

Kuna jambo moja tena katika Stunner ambalo wengi hawaliangalii: halidai kumnyanyua mtu. Mwaka uliofuata jambo hilo lilikuja kuwa kubwa sana.

Tarehe 3 mwezi wa 8 mwaka 1997

Siku ile, katika mji wa East Rutherford, jimbo la New Jersey, Austin alipigana na Owen Hart. Hart alimkamata kichwa chini miguu juu, akajiangusha kwa kukaa. Hilo ni piledriver. Shida ilikuwa sentimeta chache tu: kichwa cha Austin kilikuwa kimeshuka chini ya mapaja ya Hart, na utosi wake ukagonga chini na uzito wa watu wawili juu yake.

Austin hakuweza kusogeza mikono wala miguu kwa muda. Hart akaanza kuzungukazunguka ringi, akiongea na watazamaji, kusudi ampe mwenzake nafasi. Mwishoni Austin alijivuta, akamkunja Hart kwa ginsi ya unyonge, mwamuzi akahesabu tatu. Mapatano yalikuwa Austin ashinde, na alishinda, lakini walimshika mabega kwa kumtoa.

Alirudi kisha miezi kadhaa. Mwanzoni mwa mwaka 2000 alifanyiwa operesheni ya shingo. Tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka 2003, akiwa na miaka 38 tu, alipigana na The Rock na akaachana na ringi. Katika miaka ile yote ya katikati, Stunner ilibaki. Ginsi ya kupigana ilibadilika, akaanza kupigana zaidi kwa ngumi na mateke, kutembea nje ya ringi, kuanguka kidogo. Lakini pigo la mwisho halikuwa na sababu ya kubadilika, kwa maana halikudai mzigo ambao shingo yake haingeweza kubeba.

Ushuhuda wa jambo hilo ulionekana mwezi wa 4 mwaka 2022, huko Texas. Kisha miaka 19, Austin, akiwa na miaka 57, alipigana na Kevin Owens na kumaliza kwa Stunner. Tena Owens mwenyewe alikuwa akitumia Stunner kama pigo lake. Pigo linaweza kuwa urithi: mkubwa anaondoka, mdogo analiokota.

Undertaker: miaka 30, mapigo mengi

Mtu mwenye kuonyesha vizuri zaidi ginsi pigo linavyobadilika ni Mark Calaway, Undertaker. Alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1965. Mbele ya umaarufu alikuwa WCW na jina la Mean Mark, na moja ya silaha zake ilikuwa ngumi ya kifuani, upande wa moyo. Leo ni watu wachache wenye kuikumbuka.

Mwezi wa 11 mwaka 1990, katika mji wa Hartford, aliingia WWF akiwa amevaa kama mtu wa kuzika maiti. Pale alileta Tombstone, maana yake jiwe la kaburi. Anamshika mpinzani tumbo kwa tumbo, kichwa chini, anamkumbatia kiunoni kwa nguvu, kisha anapiga magoti. Mtu wa kwanza kulipata usiku ule alikuwa Koko B. Ware. Mwaka mmoja kisha, alimshinda Hulk Hogan kwa pigo hilo juu ya kiti cha chuma na kuchukua mkanda wa ubingwa.

Tombstone pia ni aina ya piledriver, lakini siri yake ni magoti. Ikipigwa vizuri, kichwa cha mpinzani kinabaki juu kidogo ya magoti ya Undertaker, na magoti yanagonga chini kwanza. Mpinzani analindwa, mwenye kulipa ni yule anayepiga. Kila Tombstone ilikuwa uzito wa watu wawili juu ya magoti ya mtu mmoja. Ukihesabu miaka, unaanza kuelewa sababu alihitaji mapigo mengine.

Mwaka 2000 alirudi akiwa mtu mwingine: hakuna tena kofia na koti refu la mazishi, sasa ni pikipiki, miwani na kitambaa kichwani. Mtu wa pikipiki na jiwe la kaburi wapi na wapi? Njo pale alileta Last Ride, safari ya mwisho. Anamnyanyua mpinzani mpaka mabegani, anamsukuma tena juu kwa mikono iliyonyooka, kisha anamwangusha kwa mgongo. Kwa urefu wake wa zaidi ya mita mbili, lilikuwa pigo la kutisha. Mwezi wa 4 mwaka 2001, kwenye WrestleMania ya Houston, alimmaliza Triple H kwa pigo hilo.

Lakini Last Ride ilikuwa na kasoro: inadai nguvu nyingi za mgongo na za mabega, na inadai mpinzani aende juu vizuri. Mwaka uliofuata, kwenye WrestleMania ya Toronto, ilimgomea. Alijaribu kumnyanyua Ric Flair, hakufaulu. Pale pale alimgeuza na kumpiga Tombstone, watazamaji wakapiga kelele za furaha kwa kuona rafiki wa zamani amerudi. Pigo la zamani lilikuwa bado linakaa mfukoni.

Mwezi wa 3 mwaka 2004, mjini New York, alirudia vazi la mtu wa mazishi, na Tombstone ikarudi kabisa nafasi yake. Chokeslam, ile ya kumshika mtu koo kwa mkono mmoja na kumpiga chini, ilibaki pembeni kama pigo la kutayarisha njia.

Mwaka 2008 kulikuja kitu kipya tena. Undertaker alikuwa mpenzi mkubwa wa vita vya ngumi na vya vizimbani. Alichukua huko mkabo wa jujitsu: yuko amelala chini, mpinzani yuko juu yake, anapitisha mguu mbele ya koo la mwenzake na kuvuta kichwa chake. Ukapewa jina la Hell's Gate, mlango wa jehanamu. Tarehe 30 mwezi wa 3 mwaka ule, Edge alijisalimisha kwa mkabo huo kwenye WrestleMania. Mwaka 2011, Triple H naye alijisalimisha.

Hekima ya pigo hilo inaonekana ukiangalia mahali linapopigwa. Mtu wa miaka 43 hanyanyui, hapigi magoti, haruki. Amelala. Tena linafaa wakati hadithi inasema Undertaker amepigwa mpaka hawezi kusimama: anashinda akiwa chini. Wakuu wa kipindi waliongeza chumvi, wakatangaza katika hadithi kwamba mkabo umekatazwa. Kitu kilichokatazwa, watu wanakitaka zaidi.

Watu wakizoea

Kuna sababu nyingine ya kubadilisha, na hii haitoki kwa mwili. Inatoka kwa watazamaji.

Mwanzoni Tombstone moja ilitosha. Kisha, kusudi mchezo mkubwa uonekane mkubwa kweli, mpinzani anaruhusiwa kuinua bega mbele ya tatu. Mwezi wa 4 mwaka 2009, Shawn Michaels aliinua bega kisha Tombstone, na uwanja mzima wa Houston ukashika kichwa. Ilikuwa moja ya michezo yenye kusifiwa sana katika historia ya catch. Lakini bei yake ni kwamba toka siku ile, Tombstone moja haikuwa tena mwisho wa hakika. Mwaka 2010 kwa kummaliza Michaels yule yule, ilifaa Undertaker aruke kwanza ndipo apige magoti. Triple H aliinua bega, Brock Lesnar aliinua bega mwaka 2014, usiku ambapo Undertaker alipoteza kwa mara ya kwanza kwenye WrestleMania kisha ushindi 21.

Inafanana na bei ya sokoni: franka zikichapishwa nyingi, kila noti inanunua kidogo. Pigo la mwisho likiokolewa mara nyingi, linaombwa lipigwe mbili, tatu, ao lipigwe kwa ginsi kali zaidi.

Wajapani walijua jambo hilo mapema, na kwa uchungu. Mitsuharu Misawa alikuwa mmoja wa wapiganaji wakubwa wa nchi ile. Alikuwa na pigo lenye kuitwa Tiger Driver: anafunga mikono ya mpinzani nyuma, anamnyanyua, anamwangusha kwa mgongo. Watazamaji walipozoea, mwaka 1991 alitengeneza aina nyingine ambayo mpinzani, mikono ikiwa imefungwa, anaangukia shingo na mabega. Lilikuwa la hatari sana, na yeye mwenyewe alilificha kwa ajili ya siku kubwa tu. Tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka 1994, Tokyo, alilitoa kwa kumshinda Toshiaki Kawada.

Misawa na wenzake walipokea mapigo ya shingo kwa miaka mingi. Tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka 2009, mjini Hiroshima, aliangushwa kwa nyuma, pigo la kawaida ambalo alikuwa amelipokea mara nyingi. Hakuamka. Alikufa akiwa na miaka 46.

Kampuni nayo inakata

Wakati mwingine si mpiganaji mwenye kuamua. Kisha mambo ya Austin, kampuni ya WWE iliondoa piledriver katika michezo yake, isipokuwa kwa Undertaker na Kane, watu warefu na wenye uzoefu waliojua kulinda kichwa cha mwenzao. Wapiganaji wengi ambao walikuwa na pigo la aina hiyo waliombwa kutafuta lingine.

Mfano wa karibu zaidi ni Seth Rollins. Pigo lake la Curb Stomp lilikuwa la kukimbia na kukanyaga kichwa cha mpinzani aliyeinama, uso ukagonga chini. Mwezi wa 3 mwaka 2015 alilitumia kwa kuchukua ubingwa. Kisha muda kidogo pigo likatoweka kwenye televizio, akaanza kutumia Pedigree, pigo la Triple H, ambaye katika hadithi alikuwa mkubwa wake. Curb Stomp ilirudi mwaka 2018 tu.

Wazazi wanaweza kulinganisha mapigo mawili haya. Kwa kupiga Last Ride, inafaa mtu awe na nguvu ya kumnyanyua mwenzake juu ya kichwa; mtoto wa miaka kumi hawezi. Kwa kukanyaga kichwa cha mtu aliyeinama, hakuna nguvu inayoombwa. Kila mtoto anaweza.

Umri unapofika

Tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 2019, mjini Jeddah, Saudi Arabia, Undertaker na Goldberg walipigana mtu kwa mtu kwa mara ya kwanza. Undertaker alikuwa na miaka 54, Goldberg 52. Goldberg aligonga kichwa kwenye nguzo ya ringi, damu ikatoka. Kisha alijaribu pigo lake la Jackhammer, ya kumsimamisha mtu wima hewani na kumwangusha kwa mgongo. Nguvu zilimwisha njiani, na Undertaker akaangukia karibu na kichwa. Mwishoni Goldberg alijaribu tena kumnyanyua, wote wawili wakaanguka. Mchezo ulimalizwa kwa Chokeslam, pigo jepesi kuliko yote waliyokuwa nayo.

Mapigo yale yalikuwa mazuri sana walipokuwa na miaka 30. Pigo lenyewe halikubadilika. Mwili njo ulibadilika.

Undertaker alielewa. Alikuwa amekwisha kufanyiwa operesheni ya nyonga. Mchezo wake wa mwisho, mwezi wa 4 mwaka 2020 wakati wa Covid-19, haukufanywa ndani ya ringi. Ulipigwa picha usiku, nje, sawa na filme, juu ya uwanja uliotengenezwa kama makaburi. Hakukuwa na Tombstone ya kumaliza wala mwamuzi wa kuhesabu tatu. Alimsukuma AJ Styles ndani ya kaburi kwa teke, akamfunika udongo kwa mashine, akapanda pikipiki yake na kuondoka. Mtu aliyeanza na jiwe la kaburi alimaliza na kaburi lenyewe, na shingo za wote wawili zikabaki salama.

Kinshasa iko na ginsi yake

Catch ya Kongo nayo inafundisha kitu. Kule Kinshasa kuna wapiganaji wenye kutegemea mwili na ufundi, na kuna wale wenye kuingia na fétiche, ngoma na dawa. Edingwe, mwenye kujulikana kwa jina la Moto na Ngenge, alipata sifa kubwa upande huo wa pili. Pale pigo la mwisho linaweza kuwa unga, moshi ao neno: mpinzani anapata kizunguzungu, anacheza bila kutaka, anaanguka bila kuguswa.

Kila mtu anaamini ao haamini anavyotaka. Lakini kwa upande wa kazi, pigo la dawa linajibu maswali yale yale ine: watazamaji wanaliogopa, linafaa kwa mpinzani wa kila uzito, linafanana na mwenye kulipiga, na halivunje shingo. Mpiganaji anaweza kuzeeka nalo.

Watoto kwenye kiwanja

Kwenye televizio, mwenye kupokea pigo njo mwenye kufanya nusu ya kazi. Anaruka kwa kusaidia, anakaza shingo, anaweka kidevu kifuani, anapiga mikono chini kwa kugawa uzito. Amejifunza hivyo kwa miezi na miaka. Mtoto anayeshikwa na mwenzake kisha masomo hajui hata moja kati ya hayo, na chini yake kuna mawe ya volkano ao sementi. Tena lile onyo la kwamba watu wasijaribu nyumbani linatolewa kwa Kiingereza.

Austin alikuwa mtu mzima, mwenye mafunzo, na mwenzake alikuwa fundi. Sentimeta chache zilitosha.

Kwa hiyo mzazi, mwalimu ao mwenye chumba cha video anaweza kuwaambia watoto maneno matatu ya wazi. Hakuna kumshika mtu kichwa chini miguu juu. Hakuna kukaba koo, hata kwa kucheka. Hakuna kukanyaga wala kuruka juu ya kichwa ao shingo.

Na kama ajali imekwisha kutokea, mtoto ameangukia kichwa ao shingo, jambo la kwanza ni kutomsogeza. Asikalishwe, asivutwe mikono, asitikiswe shingo « kwa kuirudisha ». Mtu mmoja ashike kichwa chake pande mbili, kibaki vile kilivyo, na mwingine akimbie kumwita muuguzi. Alama za hatari ni hizi: hasikii vidole, anasema mikono ao miguu inawasha sawa na umeme, hawezi kusogeza kiungo, amezimia hata kidogo, anatapika, ao shingo inauma sana. Hata kama alama moja tu iko, inafaa munganga amuone siku ile ile.

Kama hakuna gari la hospitali, apelekwe akiwa amelala juu ya ubao ao mlango, watu wengi wakimbeba pamoja na mmoja akishika kichwa. Asipandishwe taxi-moto katikati ya watu wawili. Safari ya namna hiyo inaweza kumaliza kile ambacho kuanguka hakukumaliza.

Kwa vijana wenye kupenda kweli mchezo wa kuangushana, judo ni njia nzuri zaidi. Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili wazaliwa wa Bukavu, walifika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 katika timu ya wakimbizi, kwa njia ya judo. Na kwenye judo, mbele ya kufundishwa kumwangusha mtu, mwanafunzi anafundishwa kwanza ginsi ya kuanguka.